Kabla Hujanunua Nyumba, Fungua Karo

Masika yanakaribia, na maswali ya vyoo na makaro, yaani matangi ya chini ya ardhi yanayopokea majitaka ya nyumba, yameongezeka kama ilivyo kila mwaka. Nimechagua sita, yote ya hapa Dar es Salaam.

Fundi, habari za kazi. Nimepata nyumba Kimara kwa bei nzuri. Dalali anasema karo lake halijawahi kunyonywa tangu lijengwe mwaka 2009. Je, hiyo ni sifa? (Mnunuzi, Kimara)

Kazi njema, ndugu yangu. Usilipe kwanza. Nyumba inayoishi watu miaka yote hiyo bila kuita gari la majitaka, mara nyingi karo lake lina moja kati ya mambo mawili. Ama halina sakafu, ni shimo tu lililojengewa tofali pembeni na kufunikwa zege, na uchafu unazama ardhini moja kwa moja. Ama lina sakafu, lakini tope limepanda mpaka usawa wa bomba la kutokea, na sasa uchafu unapita kwenda kuziba shimo la kufyonza, lile linalopokea maji ya karo yanywewe na udongo. Ukikuta hilo la pili, andaa fedha ya kuchimba shimo jipya.

Karo lililojengwa sawasawa limepigwa plasta ndani lisivuje, na kwa kawaida lina vyumba viwili. Maji hutulia humo angalau siku nzima: kizito kinazama, mafuta yanaelea, na maji ya katikati ndiyo yanayotoka kupitia ti ya bomba, kiungo chenye umbo la herufi T. Ukaguzi ni kuhakikisha hayo yanatokea kweli.

Nenda na fundi wako, asiwe wa dalali. Fungueni mifuniko yote kuanzia chemba, kile kishimo cha kukagulia bomba, iliyo karibu na choo. Mmoja avute maji chooni, mwingine asimame chemba: maji yafike haraka yapite, yasituame. Kisha mulika tochi ndani ya bomba kutoka chemba moja, na mwenzako ashike kioo kwenye chemba inayofuata. Akiona duara zima la mwanga, bomba limenyooka. Akiona nusu mwezi, limebonyea au lina tope. Asipoona kitu, pameziba, na kama karibu pana mwarobaini, anza kuishuku mizizi. Bomba la inchi nne nalipenda lishuke kama sentimita 2.5 kwa kila mita.

Kwenye karo lenyewe chukua mti wa mita mbili na nusu, viringishia taulo kuukuu jeupe mita moja ya chini, uufunge vizuri. Ushushe taratibu mpaka sakafuni, subiri dakika chache, uupandishe polepole. Tope linaacha weusi kwenye taulo, na hapo unalipima kwa futi kama unavyopima kitambaa. Pima na utando wa juu. Vyote viwili kwa jumla vikifika theluthi ya kina cha karo, muda wa kunyonya umefika. Na mti ukizama tu bila kugonga kitu kigumu, sakafu hakuna.

Niliitwa kukagua nyumba moja kwa niaba ya mama aliyeuza shamba la marehemu mumewe ili anunue. Ua ulikuwa umefagiwa vizuri. Lakini kuzunguka mfuniko wa karo saruji ilikuwa mbichi, ya kijivu safi, na zege la kando yake lilikuwa limeota kuvu la miaka. Nikaomba tuigonge. Mwenye nyumba akasita, kisha akakubali. Ndani, ukoko wa juu ulikuwa umekauka na kupasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi, na bomba la kutokea halikuonekana kabisa. Yule mama alikata bei kwa gharama ya kunyonya na shimo jipya, akanunua akijua anachonunua. Angeyagundua hayo ameshahamia, fedha ya shamba imeshakwisha. Ndiyo maana nakusihi, saruji mpya kwenye mfuniko wa zamani usiipite bila kuuliza.

Karo langu linajaa kila baada ya miezi miwili, na kila mara nalipia gari la kunyonya. Wananiambia nichimbe kubwa zaidi. (Baba wa nyumba, Mikocheni)

Usichimbe kwanza, baba. Karo kazi yake ni kujaa: maji hukaa usawa wa bomba la kutokea siku zote. Ugonjwa uko kwenye maji yanayokosa pa kwenda, au yanayoingia pasipo haki.

Siku ya kunyonya simama palepale. Maji yakishashuka, tazama bomba la kutokea. Yakirudi kutoka upande wa shimo la kufyonza, shimo hilo limeziba au limezidiwa. Kuta zikitoa jasho na maji ya kuchuruzika, ni maji ya ardhini yanaingia kwenye nyufa, jambo la kawaida maeneo yenu ya chini. Ukiona pakavu kote, rudi ndani ya nyumba. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, kaa nusu saa bila kuvuta. Rangi ikitokea kwenye bakuli, tangi linavuja usiku kucha na unalipia gari likanyonye maji ya bomba. Tazama pia kama bomba la maji ya paa limeelekezwa kwenye karo. Mvua moja kubwa inatibua tope lote na kulisukuma kwenye shimo la kufyonza. Ondoa bomba hilo leo.

Kama ni maji ya ardhini, shimo la kina kirefu halitakusaidia, kwa sababu unachimba kuyafuata. Chini ya shimo panatakiwa pabaki kama mita moja na nusu ya udongo mkavu kabla ya kufikia maji. Kwenu wengine hupasa kutumia mitaro mifupi ya kina, mirefu ya kwenda, yenye kokoto na mabomba yaliyotobolewa. Na masika usiliache karo tupu kabisa: maji ya chini yanaweza kulinyanyua likapasuka.

Hamira na dawa za kuyeyusha uchafu zinasaidia? (Mpangaji, Sinza)

Hazihitajiki. Vijidudu vinavyofanya kazi hiyo vinaingia kila mtu anapokwenda chooni. Na hakuna dawa itakayoondoa mchanga, pampasi wala mafuta ya kukaangia. Fedha hiyo iweke, ikifika mwaka wa tatu hivi ulipie gari.

Shikamoo fundi. Uchochoro wetu ni mwembamba, gari haliingii. Kuna kijana anasema atashuka mwenyewe ndani ya karo alisafishe. Nimkubalie? (Binti, Manzese)

Marahaba, mwanangu. Usimkubalie, hata akikuomba, hata kama amewahi kufanya akatoka salama.

Ndani ya karo kuna gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai bovu. Ni nzito kuliko hewa, inatulia chini, na tope likikorogwa inatoka kwa wingi. Ikiwa nyingi inaua uwezo wa kunusa, kwa hiyo mtu anadhani harufu imepungua kumbe ndiyo anaangamia. Anaanguka mara moja. Kisha ndugu yake anaruka kumwokoa, naye anaanguka, na mtaa unazika wawili au watatu kwa shimo moja. Kitambaa puani hakizuii. Kushusha kibatari kupima hewa ni hatari nyingine, maana humo kuna methani na inaweza kulipuka.

Uliza ofisi ya serikali ya mtaa au bwana afya. Kuna magari yenye mipira mirefu, na kuna wanaotumia pampu za mkono na vyombo vidogo vya kubebea. Wote hao wanafanya kazi wakiwa juu. Uchafu upelekwe kwenye mabwawa ya majitaka kama yale ya Vingunguti, usitapishwe mtaroni wakati wa mvua. Tunaokumbuka kipindupindu cha mwaka 2015 tunajua kutapisha choo kunaweza kuleta nini.

Na mfuniko uliopasuka, weka mpya kabla ya kulala. Watoto wanachezea hapo.

Kisima changu kipo mita nane kutoka karo la jirani. Maji ni meupe, hayanuki. Niwe na wasiwasi? (Mama wa watoto watatu, Mbagala)

Ndiyo, mama. Umbali ninaoutaka ni mita 30, na udongo wa kichanga hauchuji vya kutosha ndani ya mita nane. Weupe wa maji hausemi lolote. Peleka sampuli maabara, waambie wapime vijidudu vya kinyesi na naitreti. Kwa sasa chemsha maji yote ya kunywa, lakini ujue kuchemsha kunaua vijidudu tu, naitreti inabaki. Kama una mtoto wa chini ya miezi sita anayekunywa maziwa ya kopo, usiyakoroge kwa maji hayo. Kisha zungumza na jirani kwa upole, mkague karo pamoja. Huenda naye hajui kama lina sakafu.

Ghorofa letu limeunganishwa na mtandao wa majitaka wa DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Dar es Salaam. Majitaka yanarudi bafuni kwenye nyumba ya chini. Nani wa kuzibua? (Mkazi, Upanga)

Fungueni chemba ya mwisho kabla bomba halijatoka kwenye kiwanja chenu. Ikiwa imejaa, kizuizi kipo mbele, upande wa mtandao: pigeni simu DAWASA na mtumie picha ya chemba hiyo. Ikiwa kavu, kizuizi kipo ndani kwenu, mwiteni fundi bomba aanze kufungua chemba moja moja kurudi nyuma. Kwanza wapigieni wa ghorofa za juu wasivute choo wala kufungua bomba mpaka mmalize, maana kila ndoo wanayomwaga inatokea bafuni kwa huyo wa chini.