Kwa Wanaoanza Kuchunguza Swala wa Msituni Kilimanjaro na Meru

Wengi wanaokuja Moshi au Arusha kujifunza utafiti wa wanyamapori huanza kwa kusoma maandiko kuhusu kulungu wa misitu ya Ulaya na Marekani Kaskazini, kwa kuwa ndiyo yanayopatikana kwa wingi. Kuyasoma ni vyema. Matatizo huanza pale kalenda ya kulungu wale inapohamishiwa katika misitu yetu kama ilivyo.

Kaskazini ya Uskoti, mchana wa Desemba hudumu chini ya saa saba, na ule wa Juni hukaribia saa 18. Badiliko hilo ndilo linalopanga mwaka wa kulungu wekundu, ambao madume wao hunguruma na kugombania majike mnamo Septemba na Oktoba. Theluji nayo huongeza sababu ya kuhama: huko Norwei wengi hukaa mabondeni majira ya baridi, kisha hupanda milimani wakiyafuata majani yanayochipua. Kwenye milima ya Alps imeonekana kwamba katika usiku wa baridi kali mapigo ya moyo wa wanyama hawa hupungua na miguu yao hupoa, ili nguvu kidogo waliyonayo iwatoshe hadi majira ya kuchipua.

Sisi tuko takribani nyuzi tatu kusini mwa Ikweta, ambako tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi kuliko yote haifiki hata nusu saa. Kinachogawa mwaka wa swala wa misitu yetu, yaani mbawala, funo na minde, ni masika, vuli na kiangazi kilicho katikati yake. Kuhusu joto, kadiri ya kawaida ni kupungua kwa takribani nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 za kupanda, kwa hiyo anayetoka lango la Marangu hadi kibanda cha wapandaji cha Mandara, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, hupoteza kama nyuzi tano. Njiani, hata hivyo, mvua, aina ya miti na wingi wa majani ya kula navyo hubadilika, na upande wa kusini wenye mvua nyingi haufanani na upande wa kaskazini wa Rongai ulio mkavu.

Ndiyo maana huwa sikubali ripoti inayosema tu kwamba mwinuko umeathiri shughuli za mnyama. Mita za kupanda hazimfanyi mnyama lolote zenyewe. Kinachomgusa ni baridi, chakula, maficho au binadamu. Mbawala anayeonekana usiku tu kwenye msitu unaopakana na vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, huenda hakimbii jua. Kabla ya kutaja joto, ulizeni ni nani wanaopita hapo mchana kukata majani ya ng'ombe au kuokota kuni, na kama kuna mitego ya waya. Minde ni suala jingine, maana kwa kawaida hutembea usiku, hata mahali pasipo na watu.

Mkitaka kulinganisha miinuko, chunguzeni yote katika majuma yaleyale na upande uleule wa mlima. Anayefanya kazi chini wakati wa masika na juu wakati wa kiangazi atakuwa amepima misimu, hata akiita matokeo yake mwinuko.

Hadhari kubwa zaidi inahusu kamera za mtego, zile zinazopiga picha zenyewe mnyama anapopita. Kihisi cha kamera hujibu mwendo wa kitu ambacho joto lake linatofautiana na la mazingira. Mchana wa joto, ardhi ya chini inapokaribia joto la ngozi ya mnyama, swala anaweza kupita bila kupigwa picha, ilhali huko juu penye baridi swala yuleyule angenaswa kutoka mbali zaidi. Takwimu zitaonyesha basi kwamba wanyama wa chini hupumzika adhuhuri, kumbe kamera ndiyo iliyoshindwa. Piteni mbele ya kila kamera mkiwa mmeinama, asubuhi, mchana na usiku, na kuandika umbali ambao imewatambua.

Vinyesi navyo hupotosha. Kwenye baridi hudumu muda mrefu, lakini penye joto, hasa mvua zikianza, wadudu huvizika upesi. Wekeni alama kwenye vinyesi vibichi katika kila mwinuko na kufuatilia vinachukua siku ngapi kutoweka, kabla ya kutumia hesabu yake kama kipimo cha wingi wa wanyama.

Lipo pia suala la saa, ambalo wasimamizi huliona dogo mno kulitaja. Askari akiandika daftarini kwamba amemwona funo saa 12, huenda ni alfajiri au jioni. Kamera ikiandika 12:00, ni adhuhuri. Kubalianeni tangu siku ya kwanza kuandika muda kwa mfumo wa saa 24 katika madaftari yote, na kila mnapobadilisha betri hakikisheni kwamba saa ya kamera haijarudi mwanzo.