Rangi iwe ya mwisho: ushauri kwa anayefufua pikapu ya zamani nyumbani

Ukitaka pikapu ya zamani isirudi barabarani kamwe, ifumue yote mwanzoni. Shusha injini, toa kebini, ng'oa milango, changanya nati zote kwenye ndoo moja, kisha subiri hela na nafasi vipatikane. Baadhi ya vipuri vyangu nimevinunua kwa watu walioanza hivyo. Unakuta kebini imeegemezwa ukutani, injini iko chini ya turubai, na mwenye mali bado anakuambia ataimalizia. Hamalizi. Gari lililo vipande vipande linamchosha mtu hata kulitazama. Lililosimama kwa magurudumu yake, hata likiwa na makovu kila upande, humvuta mwenyewe kila akipita karibu nalo.

Ndiyo maana mimi hufuata utaratibu ambao wapenzi wa magari ya maonyesho hawaupendi: shughulikia mfumo mmoja, umalize, ndipo uende kwa mwingine. Wakati wote huo gari libaki linasukumika, linakata kona na linasimama. Naanza na breki, kisha injini, kisha umeme, kisha bati. Rangi ndiyo ya mwisho kabisa, maana ukipaka mapema utaikwaruza mwenyewe kwa spana zako.

Pikapu inauruhusu mpango huo kuliko gari dogo. Pikapu nyingi za zamani zimekaa juu ya chasisi ya ngazi, yaani mihimili miwili ya chuma inayokwenda urefu wote wa gari, iliyounganishwa na mingine ya kukatiza. Kebini na bodi ya nyuma zimefungwa juu yake kwa bolti, kila moja peke yake. Ndivyo ilivyokuwa Ford walipoanza kuuza Model T yenye bodi ya pikapu kutoka kiwandani mwaka 1925, na Toyota Hilux ilipotoka mwaka 1968 mpangilio ulikuwa huohuo. Faida yake utaiona ukifungua bolti za bodi ya nyuma na kuiinua na wenzako: tangi, difu, springi na mabomba ya breki vyote vinakuwa wazi, na unafanya kazi umesimama badala ya kulala chini ukidondokewa na mchanga machoni.

Kabla ya kununua

Usidanganywe na injini. Injini mbovu inatengenezeka au inabadilishwa. Chasisi iliyooza ndiyo inayokula mwaka mzima. Nikienda kutazama pikapu nabeba nyundo ndogo, bisibisi kuukuu, sumaku na tepu ya kupimia. Nyundo naigonga taratibu kwenye mihimili kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, na bisibisi ikisukumwa hapo inazama. Tazama hasa pale springi za nyuma zinaposhikiliwa, nyuma ya kebini ambako matope hujikusanya, na pale boksi ya usukani ilipofungwa. Kutu ya juujuu isikutishe. Kutu inayobanduka kama maganda inahitaji uangalifu. Ila ukikuta tundu penye mshikio wa springi au wa usukani, na hujui kuchomelea vizuri, achana na gari hilo hata kama unapewa bure.

Sumaku ni ya kutafuta puti, yaani lipu ya kujazia mabonde ya bati. Mahali ambapo haishiki, mtu alijaza uvungu kwa puti na kupaka rangi juu, na mara nyingi ni pembe za chini za kebini, chini ya milango na pembeni mwa matundu ya magurudumu. Tepu nayo ni ya kupima chasisi kwa mshazari: kutoka bolti ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, halafu kinyume chake. Vipimo viwili vikipishana waziwazi, gari hilo liligongwa na chasisi imepinda.

Breki

Hapa sitaki mzaha. Kwanza, gari likae juu ya stendi za chuma kwenye sakafu ngumu. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia, na tofali lenye matundu hupasuka ghafla bila kuonya. Pili, vumbi lililo ndani ya dramu za zamani usilipulize kwa upepo wa kompresa. Breki shuu za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Lilowanishe, lifute kwa kitambaa, kitambaa kitupe ndani ya mfuko uliofungwa.

Watu wengi wakikuta pedeli inakwenda hadi chini hujaza mafuta ya breki na kuanza kupampu. Kwa gari lililolala miaka, jambo hilo huua masta silinda (ile inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga pedeli) ambayo pengine ingepona: mipira ya ndani inasukumwa hadi sehemu ya silinda iliyoota kutu na inachanika. Fungua kwanza, tazama ndani. Silinda ikiwa na vishimo, badilisha. Ikiwa laini, weka mipira mipya. Fanya hivyo kwa silinda za magurudumu pia, na mipira inayokwenda kwenye magurudumu ibadilishe yote bila kujadili. Mpira wa zamani unaweza kuonekana mzima kwa nje huku umevimba ndani, ukapitisha mafuta unapokanyaga na kukataa kuyarudisha, gurudumu likabaki limeshikwa. Bomba za chuma zilizoliwa na kutu zinatupwa.

Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu kutoka hewani. Kiwango cha DOT 3 kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, ila yakishanyonya maji kiwango hicho kinaruhusu hadi 140. Mafuta yakichemka kwenye mteremko pedeli inakuwa laini na gari halisimami. Kwa hiyo tumia chupa ambayo haijafunguliwa, na usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni. Kutoa upepo, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, isipokuwa kama kitabu cha gari kinasema vingine. Tena, angalia kama breki zako zina mzunguko mmoja tu, kama zilivyo pikapu nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960. Zikiwa hivyo, bomba moja likipasuka umepoteza breki zote nne, na kilichobaki ni breki ya mkono. Itengeneze breki hiyo ya mkono ifanye kazi kweli.

Injini iliyolala

Hamu ya kusikia mlio ni kubwa, naijua. Izuie. Toa plagi zote, mimina kijiko cha oili kwenye kila silinda, acha angalau hadi kesho yake, kisha weka gia huru na uizungushe kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele. Ikigoma usilazimishe kwa bomba refu. Ongeza oili, ngoja tena, na ujaribu kuitingisha mbele na nyuma kidogokidogo. Ikishazunguka, mwaga oili ya zamani iliyo kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), badilisha filta, jaza mpya, halafu piga stata plagi zikiwa bado nje hadi geji ya oili ipande.

Hapo ndipo pa kupima kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya kila silinda, betri ikiwa imejaa na pedeli ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho. Namba yenyewe hutegemea injini. Ninachotazama mimi ni silinda kukaribiana, zisipishane zaidi ya asilimia 10 hivi. Silinda iliyo chini itilie kijiko cha oili na upime tena. Namba ikipanda, tatizo ni ringi za pistoni. Isipopanda, tazama valvu au gasketi ya hedi (kifuniko cha juu cha injini). Kipimo hicho kinakuokoa usishushe injini bure, na mafundi wanaopenda kusema "shusha tu tuone" hawakipendi sana.

Petroli iliyo kwenye tangi isiguse injini. Iliyokaa miaka hugeuka gundi inayoziba vitundu vya kabureta, na harufu yake inakuambia kabla hujaimimina. Toa tangi, lisafishe, badilisha mipira yote ya mafuta kwa ile inayovumilia ethanoli, maana petroli nyingi za leo zina ethanoli na mpira wa zamani unalainika na kupasuka. Kama tangi limetoboka, usilichomelee, hata kama umelikausha juani wiki nzima. Mvuke uliojificha kwenye mikunjo yake unatosha kulilipua. Peleka kwa mtaalamu wa matangi au weka jingine.

Swali ninaloulizwa sana ni la risasi. Injini nyingi za zamani zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, ambayo ililinda viti vya valvu za egzosi, na mafuta hayo hayauzwi tena kwa magari popote duniani tangu vituo vya Algeria vilipoyaacha Julai 2021. Je, lazima ushushe hedi uweke viti vigumu? Kwa pikapu inayotoka mara mojamoja bila mzigo mzito, mimi husema subiri. Pima uwazi wa tapeti (nafasi ndogo inayoachwa kwenye valvu iliyofungwa) mara kwa mara na uandike. Uwazi wa valvu za egzosi ukizidi kupungua kila unapopima, viti vinalika, na hapo ndipo hedi ishuke.

Kuhusu umeme nina machache: nusu ya vitimbi vya taa za gari la zamani ni athi mbovu, yaani njia ya kurudisha umeme kwenye betri kupitia chuma cha gari. Safisha kila mahali waya wa athi unaposhika chuma, kutoka betri hadi chasisi na kutoka chasisi hadi injini, kabla ya kununua kitu chochote. Betri ya volti 12 iliyojaa inasoma kama 12.6 injini ikiwa imezimwa, na kati ya 13.8 na 14.5 ikiwa inachajiwa. Thibitisha pia kwamba gari lako ni la volti 12. Zilizotoka kabla ya katikati ya miaka ya 1950 nyingi ni za volti 6. Waya uliopasuka ganda usiufunge tepu, badilisha, na kila saketi iwe na fyuzi yake.

Bati na kutu

Kata hadi ufikie chuma kinachong'aa. Kuchomelea bati jipya juu ya lililooza ni kutengeneza mfuko wa maji. Kabla hujakata sakafu au vizingiti, chomelea vyuma vya muda kukatiza tundu la mlango, la sivyo kebini italegea na mlango hautafunga tena. Chomelea kwa vinundu vilivyoachana, rukia huku na kule, acha bati lipoe. Ukikimbiza mstari mmoja mrefu bati litajikunja. Ondoa waya za betri kwanza, weka ndoo ya maji na kizima moto karibu, na ukimaliza kaa hapo kwa muda, kwani zulia na mipira huweza kuungua polepole bila mwali kuonekana. Na usisafishe chuma kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini kabla ya kuchomelea: ikipata joto inatoa gesi ya fosijeni, na hiyo inaua.

Vipuri vidogo vyenye kutu nzito, kama bawaba na mabano, mimi huvisafisha kwa umeme. Beseni la plastiki, maji, magadi ya kufulia, chaja ya betri. Hasi inashika kipuri, chanya inashika kipande cha chuma chakavu, na viwili hivyo visigusane. Kipande hicho kisiwe cha chuma kisichoshika kutu, maana kinatoa sumu ya kromiamu ndani ya maji. Fanya nje penye hewa, kwa sababu kazi hiyo inatoa haidrojeni.

Puti ni ya kulainisha mabonde madogo ya milimita chache, si ya kuziba matundu. Praima ya kawaida (rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe) nayo hupitisha unyevu, kwa hiyo pikapu iliyoachwa na praima kwenye mvua inaota kutu chini yake huku mwenyewe akidhani ameilinda. Tumia praima ya epoksi kama rangi itachelewa. Rangi nyingi za kuchanganya na hadina (dawa ya kuikausha rangi) zina isosianati, kemikali yenye sumu, na barakoa ya kawaida haikukingi nazo. Kwa kweli hiyo ndiyo kazi pekee ninayompelekea fundi mwenye chumba chake. Viti na dari sina mengi ya kusema: safisha, shona, endelea.

Kabla ya kutoka, soma tarakimu 4 za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa 3 tu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000; litoe hata kama kashata zake bado ni ndefu.

Mwendo wa kwanza uwe mfupi, mahali patulivu. Simama baada ya kilomita chache, sogeza kiganja karibu na kila kitovu cha gurudumu. Kinachotoa joto kuliko vingine kina breki inayoburuta au beringi iliyobanwa mno, na gurudumu hilo linarudi juu ya stendi kabla hujaenda popote. Kaza tena nati za magurudumu baada ya kilomita 50 hadi 100, na kagua chini ya gari kama kuna tone lolote.