Maswali na majibu: joto la dunia, milima na sisi wa kando ya ziwa

Barafu ya Kilimanjaro ikiisha, Ziwa Victoria nalo si litakauka? (Ukerewe)

Hapana. Maji ya Kilimanjaro hayaji huku. Mengi hushukia Mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Takriban asilimia 80 ya maji ya ziwa letu ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na Kagera, mto mkubwa kuliko yote unaoingia, hutoka kwenye vilima vya Rwanda na Burundi visivyo na barafu. Hata Moshi wanategemea zaidi mvua ya msituni, ingawa barafu ya kileleni imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Kwetu shida ya karibuni imekuwa kinyume: Mei 2020 kina cha ziwa kilipita rekodi ya 1964, na nyumba za ufukweni zikaingiliwa na maji.

Nyumba yangu iko mlimani, chini ya jabali. Masika haya maji yamechimba chini yake. Ni joto la dunia au ujenzi wetu? (Igogo)

Vyote viwili. Hewa ikipanda joto kwa nyuzi 1 hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, hivyo mvua ikija huja kwa mkupuo. Ila jabali halisogezwi na joto. Husogea pale udongo na mawe madogo yaliyolishikilia yanapoondoka, na hapo mkono wetu upo: tumekata miti, tumevunja mawe ya chini kuwa kokoto.

Chimba mfereji upande wa juu wa jabali, upana na kina sentimita 60, ukishuka sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Ukishuka kwa kasi zaidi utajichimba wenyewe. Upange mawe ndani, uishie kwenye mwamba mtupu au mtaro, si uani kwa jirani wa chini. Usizibe uwazi wa chini ya jabali kwa saruji tupu. Maji yakikosa pa kutokea hujaa nyuma na kusukuma. Ukuta wa kuzuia udongo uwe na bomba za inchi 2 kila mita 1.5, na kokoto nyuma yake. Ukizidi mita 1 kwenda juu, mwite mhandisi.

Paa nalo lisisahaulike: la mita 10 kwa 5, mvua ya milimita 40 humwaga lita 2,000 mlangoni pako. Weka gata na simtanki.

Ukiona ufa mpya ardhini, mti umeanza kuinama, au maji yanayochuruzika chini ya jabali yamegeuka tope, toeni watu kwanza. Vyombo baadaye.

Maporomoko ya tope ya Mlima Hanang yanaweza kutufika? (Mabatini)

Kwa ukubwa ule, si rahisi. Tope la Desemba 3, 2023 lilitoka kwenye mlima wa volkano wa zaidi ya mita 3,400. Vilima vya Mwanza ni vifupi na vina udongo haba. Hatari yenu ni jabali mojamoja na korongo kavu linalojaa ghafla, hivyo msijenge wala kutupa taka kwenye mkondo unaoshukia Mto Mirongo.

Mbona malaria imepanda hadi milimani? (Muleba)

Kila mita 100 za kupanda hupunguza joto kwa takriban nyuzi 0.6, na vimelea hatari zaidi vya malaria havikomai ndani ya mbu kukiwa na baridi ya chini ya nyuzi 16 hivi. Joto likipanda, mpaka huo nao unapanda. Wa milimani wana kinga ndogo, hivyo hata watu wazima huzidiwa. Homa ikianza, kapime ndani ya saa 24.