Kasa inarukaruka kwenye ajenda: usikubali kupigiwa Windows upya

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, Nachingwea. Nikiandika muhtasari wa kikao kwenye Word, wenye ajenda na vifungu vidogo, kasa, kile kistari kinachowakawaka pale unapoandika, inafanya mambo yake. Nikirudi mwanzo wa mstari inagoma kuvuka namba. Nikishuka kwa mshale inaruka kutoka ajenda ya pili hadi ya tatu bila kupita kwenye aya. Juzi nilifuta kichwa kimoja tu, na maelezo yote ya chini yake yakaenda nacho. Fundi amesema ni virusi, nimpelekee mashine apige Windows upya. Nimpe?

JIBU: Marahaba, ndugu katibu. Usimpe. Hayo yote matatu ni kazi ya kawaida ya Word, na hapa Mtwara naletewa kesi kama yako kila msimu wa korosho unapofunguliwa na vikao kuwa vingi.

Namba kwanza, maana hiyo ni fupi. Namba inayojiweka yenyewe haimo kwenye maandishi yako. Word inaichora tu pembeni, kwa hiyo kasa haina pa kusimama ndani yake. Ukitaka iondoke, simama kabla ya herufi ya kwanza ubonyeze Backspace mara moja. Ukitaka mstari mpya usio na namba, bonyeza Shift pamoja na Enter.

Sasa hiyo ya kuruka. Peleka mausi juu ya kichwa cha ajenda ya pili, utaona pembetatu ndogo kushoto kwake. Mtu akiibofya, hata kwa bahati mbaya, aya zote za chini ya kichwa hicho zinafichwa. Hazijafutwa, zimekunjwa. Kasa haiwezi kutembea kwenye mistari isiyoonekana, ndiyo maana inaangukia ajenda ya tatu. Bofya tena, zitafunguka.

Na hapo ndipo ulipopotezea maelezo yako. Kichwa kilichokunjwa na aya zake ni kama bibo na korosho yake: ukichuma bibo, korosho inakuja nalo. Ulichagua mstari mmoja kwa macho, kumbe umechagua ajenda nzima. Likitokea tena, bonyeza Ctrl na Z papo hapo, kabla hujafunga faili. Na kabla ya kufuta kichwa chochote, kifungue kwanza uone kimebeba nini. Ukitaka kuhamisha ajenda nzima, nenda View, weka tiki kwenye Navigation Pane, kisha vuta jina la ajenda kwa mausi. Aya zake zitafuata.

Ipo kasa inayoruka kwa sababu nyingine. Fungua Notepad, ile programu ndogo ya kuandikia iliyomo kwenye Windows, uandike aya mbili. Ikiruka na huko, tazama kiganja chako: laptopu nyingi zina kile kibao cha kugusa chini ya kibodi, na kiganja kikikigusa wakati unaandika, kasa inahama. Kizime, tumia mausi.

Kinachoniudhi ni hili neno virusi. Kompyuta ikiwa nzito, virusi. Printa ikigoma, virusi. Kasa ikiruka, virusi, na dawa ni ileile: kupiga Windows. Mwenye mashine anarudishiwa kompyuta safi isiyo na kitu. Orodha ya wakulima, mihtasari ya miaka mitatu, barua za chama, vyote vilikuwa Desktop, na Desktop inakaa kwenye diski ileile iliyofutwa. Nimewaona makatibu wakiandika upya rejista nzima kutoka kwenye madaftari kwa sababu hiyo. Na ajabu yake, Word mpya ikishawekwa, vichwa vinakunjika kama mwanzo, maana ndivyo ilivyotengenezwa tangu toleo la 2013.

Wengine wanashauri uzime namba za kujiweka uandike kwa mkono, ukisukuma kwa nafasi. Usifanye. Siku mwenyekiti akiongeza ajenda katikati, utarekebisha kila namba moja moja.

Virusi vipo, sikatai. Vingi huingia kwa flashi zinazozunguka steshenari na kwa programu za bure zilizovunjwa kufuli, zilezile ambazo baadhi ya mafundi hao huweka baada ya kupiga Windows. Kwa hiyo fundi yeyote akikutajia virusi, mwambie afungue programu ya kinga mbele yako, aikague mashine, akuonyeshe kwenye skrini jina la kirusi na faili kilimokaa. Akishindwa, chukua kompyuta yako uondoke. Akikuonyesha, bado nakili mafaili yote kwenye diski ya nje, uyafungue kwenye kompyuta nyingine yenye kinga uhakikishe yanasomeka, ndipo umwachie mashine.