Arifa zinazomkatiza karani wa mizani

Swali: Nipo Moshi. Nimetengeneza programu ya simu ambayo makarani wa chama chetu cha msingi huitumia kuandikisha kilo za kahawa ya maganda. Arifa ikiingia, karani huiangalia, na akirudi kwenye fomu mara nyingine humwandikisha mkulima yule yule mara mbili. Je, nizime arifa zote?

Jibu: Usizizime zote, ndugu msomaji. Jiulize kwa kila arifa kama karani atabadili jambo lolote kabla ya kushusha gunia lililoko kwenye mizani. Ikiwa hapana, isubiri. Tangu toleo la 8 la Android, mfumo unaoendesha simu nyingi, lililotoka mwaka 2017, arifa hupangwa katika makundi yenye viwango vya umuhimu, na kundi la kiwango cha chini huonekana kwenye orodha bila mlio wala mtetemo. Kundi likishaundwa, programu yako haiwezi kulipandisha kiwango. Mwenye simu ndiye mwenye kauli, na ukimchosha atazima hata ile ya lazima.

Hata hivyo, kwa maoni yangu tatizo kubwa liko kwenye fomu. Karani atakatizwa tu hata simu ikiwa kimya: mkulima atamsalimu, mwingine atauliza bei, gunia litapasuka. Kwa hiyo fomu ihifadhi kila tarakimu inapobonyezwa, na karani akirudi akute jina la mkulima, namba yake ya uanachama na kilo alizokwisha kuandika, kwa maandishi makubwa yanayosomeka juani. Namba ile ile ikiingizwa tena na uzito ule ule ndani ya dakika chache, programu iulize, lakini isikatae, maana magunia mawili ya mkulima mmoja yanaweza kweli kulingana.

Arifa zilizosubiri zitoke karani anapomaliza kuhifadhi, kabla ya gunia linalofuata. Ukitaka ajue kwamba zipo, mlio si lazima. Mwaka 1995 Mark Weiser na John Seely Brown wa Xerox PARC, kituo cha utafiti wa kompyuta huko California, Marekani, walieleza habari za kamba ya plastiki iliyoning'inizwa darini kwenye mota ndogo iliyounganishwa na waya wa mtandao: mtandao ukielemewa kamba ilizunguka kwa kasi, ukitulia ilicheza kidogo tu, na watu waliijua hali bila kuacha kazi zao. Kwako wewe, mstari mwembamba wa rangi juu ya skrini unatosha. Ujaribie kwenye meza ya mizani yenyewe, si ofisini. Nimewahi kuona simu iliyodaiwa kuwa kimya ikitetemeka juu ya ubao hadi foleni nzima ikageuka.