Se'nnight ni siku ngapi?

SWALI: Nafasiri Pride and Prejudice, riwaya ya Jane Austen ya mwaka 1813. Katika barua yake, Mr. Collins anasema atafika Jumatatu, Novemba 18, na huenda akakaa "till the Saturday se'nnight following". Kamusi yangu haina neno hilo. Je, anaondoka tarehe 23?

JIBU: La, anaondoka tarehe 30. Se'nnight ni wiki moja. Jina la siku likitangulia, itafute kwanza siku hiyo, kisha ongeza saba: Jumamosi inayofuata ni tarehe 23, na saba juu yake ni 30. Riwaya yenyewe inathibitisha, kwani dansi ya Netherfield ni ya Novemba 26, na Collins anacheza humo. Ukimwondosha tarehe 23, umemkosesha dansi.

Asili yake ni Kiingereza cha kale, seofon nihta, "usiku saba". Likawa seven-night, kisha silabi ya katikati ikamezwa. Ritifaa inashika nafasi ya v na e zilizodondoka. Tacitus, Mrumi, aliandika yapata mwaka 98 kwamba Wagermani huhesabu usiku, si mchana, na Kiingereza ni cha ukoo huo. Mtu wa pwani hatashangaa, maana kwake usiku wa Ijumaa huingia magharibi ya Alhamisi. Fortnight, yaani usiku kumi na nne, lina asili hiyohiyo na bado linatumika Uingereza. Se'nnight ndilo lililopishwa na week.

Angalia pia wakati wa kitenzi. Habari ikiwa ya jambo lililopita, hesabu inarudi nyuma: "yesterday se'nnight" ni siku nane zilizopita, jana na saba kabla yake. "This day se'nnight" katika ahadi ni siku kama ya leo, wiki ijayo. Na usinaswe na neno usiku lililojificha humo. Mchawi katika Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, anayetaja se'nnights tisa mara tisa hasemi usiku 81, anasema wiki 81, yaani siku 567.

Kwa sentensi yako ningeandika "hadi Jumamosi ya pili". "Jumamosi ijayo" ina utata hata kwetu sisi: wako watakaoelewa tarehe 23, wengine 30. Ukitaka ladha ya kikale, tumia "juma" badala ya "wiki" kwingineko katika barua. Collins ni mtu wa maneno mazito, litamfaa.