Malaria ya Siaya, hospitali ya Istanbul na bima iliyonikana

Wiki jana dada mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, aliniandikia. Anakwenda Dubai Desemba na mama yake, je, ile bima aliyouziwa pamoja na tikiti inatosha? Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja nikashindwa, maana swali lenyewe lilinitonesha kidonda.

Chama chetu kilichanga pole pole mpaka tukafika Istanbul. Mlio kwenye chama mnajua utamu wa safari isiyo na mkopo. Habari za viza naziruka. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimetoka mazishini Siaya, nikalala kwa mashemeji siku kadhaa, na mbu wa kule walinichangamkia kuliko mashemeji wenyewe.

Hatujamaliza hata kuzunguka Sultanahmet, mtaa wa kale wa Istanbul, homa ikanishika. Baridi ya kuvaa koti ndani ya blanketi, meno yanagongana, kisha jasho la kulowesha shuka. Wenzangu wakasema ni hali ya hewa. Mweka hazina wetu alitoka usiku kutafuta duka la dawa (ya huko yana herufi E nyekundu mlangoni, na usiku hufungua kwa zamu) akarudi na parasetamoli. Kulipokucha wakanipeleka hospitali ya kulipia.

Kwanza pasipoti, halafu kadi ya benki. Hakuna aliyeniuliza naumwa wapi mpaka malipo ya awali yalipopita. Kijana wa kutafsiri alikuwa mpole, ila Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Daktari wa zamu akanichungulia koo, akanisikiliza kifua, akaanza kuandika mafua. Hapo nikamshika mkono, kalamu bado iko juu ya karatasi. Nikamwambia natoka Kenya, na si Nairobi tu, nimelala karibu na Ziwa Victoria juzi juzi, naomba damu yangu itazamwe kwa darubini. Akasita. Kwa hilo simlaumu, daktari wa huko anaweza kukaa miaka bila kuona malaria. Lakini ile kali, ya falsiparamu, kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 7 na 30 baada ya kuumwa na mbu, na ukiiacha huku unatibiwa mafua inaweza kukuua. Majibu yalirudi na vijidudu tele. Daktari akaita wenzake, wakanizunguka kitandani kama watalii wa Maasai Mara waliomwona chui.

Nikalazwa, nikapewa dawa, nikapona. Na nasema bila haya: mdomo wangu ndio ulioniokoa.

Sasa bima. Nilipiga simu kabla ya kulazwa, kama karatasi yao ilivyoagiza. Bonyeza moja, bonyeza mbili, sikiliza muziki. Nikarudi nyumbani na kila risiti. Mnajua walinijibu nini? Kwamba vijidudu viliingia mwilini kabla safari haijaanza, kwa hiyo huo ni ugonjwa wa awali, na ugonjwa wa awali haulipwi. Mimi, niliyepanda ndege nikicheka! Tulivutana miezi. Kilichowalegeza ni ripoti ya hospitali, kwa Kiingereza, yenye mhuri na tarehe homa ilipoanza, pamoja na barua yangu iliyosema nakala inakwenda kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Wakalipa, wakikata kiasi walichodai ni changu kulipa. Hadi leo nikiona bango lao pale Thika Road nageuza uso.

Sasa nisikilizeni, nyinyi mnaotaka kuiona dunia kama mimi. Semeni! Tumelelewa kuitikia “ndiyo daktari” hata anapopotea njia. Ugenini adabu hiyo itakuzika. Sema ulikolala mwezi uliopita, mwambie na muuguzi, na kama mtafsiri haelewi mwandikie kwenye simu. Usitoke hospitalini bila ripoti yenye tarehe. Karatasi, jamani, karatasi.

Dada yangu wa Umoja, hiyo bima isome pale penye magonjwa ya awali, kwa sababu umeniambia mama ana presha. Isije ikawa ni ya mizigo iliyopotea tu. Waulize kwa barua pepe, wakujibu kwa maandishi. Zile dawa zake za mgongo pia ziangalie: kama zina kodeini au tramadoli, kule ni dawa zinazodhibitiwa, na kibali cha serikali yao huombwa kabla ya kusafiri. Abebe na cheti cha daktari. Ambulensi ya Dubai ni 998, iweke kwenye simu yake pia, si yako peke yako.

Na kama Novemba mnapitia ushago Busia, kwenye mbu kama wale wa Siaya, niandikie tena kabla hamjapanda ndege.